Andika Rangi Ungali Mahali Penyewe
Anayekusudia kuchora kwa rangi mandhari ya safari yake, mathalani vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, asitegemee picha za simu peke yake, kwa sababu kamera inapokutana na ukuta mweupe unaopigwa na jua kali, mara nyingi hukifanya kivuli kilicho jirani kuwa cheusi, ilhali jicho huona ndani yake buluu, zambarau na hata umanjano hafifu unaoakisiwa na ukuta wa pili. Chora kwa penseli mistari michache ya umbo la mahali, kisha uandike jina la rangi juu ya kila sehemu, pamoja na saa na upande lilipo jua. Dakika 10 zinatosha. Mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix alijaza madaftari kwa njia hiyo nchini Moroko mwaka 1832, na aliyarejea kwa miaka mingi baadaye. Neno “kijani” pekee halitakusaidia ukifika nyumbani. Andika “kijani cha embe bichi”. Simu ibaki kwa ajili ya nakshi za milango, ambazo hakuna anayeweza kuzikumbuka zote.