Pima servo yako kwa testa kabla hujaifunga

Jamani kabla hujafunga servo (kimota chenye gia kinachogeuza usukani) kwenye ndege au gari lako la rimoti ipime kwanza, maana kuja kujua gia imeliwa wakati ndege iko juu inauma sana. Anza na umeme, testa nyingi ndogo, yaani vile vifaa vya kujaribia servo, zinataka volti 4.8 mpaka 6, betri ya NiMH ya seli 4 inatosha, ila usichomeke betri ya LiPo ya seli 2 kama servo haijaandikwa inabeba volti 8.4, itaungua. Waya wa kahawia au mweusi ni negativu, mwekundu wa kati positivu, wa chungwa au mweupe ni wa signali.

Washa, weka modi ya katikati, hapo inatuma palsi (signali fupi) ya mikrosekunde 1500 na ndo wakati wa kufunga mkono wa servo ukae sawa, hii hatua mimi siiruki kamwe. Halafu modi ya kuzungusha mwenyewe, zungusha polepole huku umetega sikio, ikikwaruza au ikirukaruka sehemu moja meno ya gia yameisha. Ikifika mwisho ikaanza kuvuma rudisha haraka, usiilazimishe. Modi ya otomatiki, ile inayoizungusha yenyewe, iache kama dakika moja, halafu shika servo, ikiwa ya moto usiifunge.