Jinsi ya Kusajili Motohomu ya Kale ya Kimarekani Nchini Uingereza na Kuomba Daraja la Gari la Kihistoria

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi Uingereza, au anayekusudia kuhamia huko, ambaye amenunua au anataka kununua motohomu ya kifahari, yaani gari lenye nyumba ndani yake, ya miaka ya 1970 kutoka Marekani, akiwa na nia ya kuisafiria na hata kuishi ndani yake. Mfano nitakaoutumia ni GMC Motorhome ya kampuni ya General Motors, iliyotengenezwa kuanzia mwaka wa modeli wa 1973 hadi 1978, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi gari zuri linavyoweza kuwa na hati zenye utata. Gari hilo huvutwa kwa magurudumu ya mbele kwa injini na giaboksi vilivyotoka katika gari liitwalo Oldsmobile Toronado. Nyuma lina magurudumu manne yanayobebwa na mifuko ya hewa, na kwa kuwa hakuna ekseli inayokatiza chini ya sakafu, sakafu yenyewe iko karibu sana na ardhi. Bodi yake ni ya alumini na faibaglasi, haikujengwa kwa mbao na bati kama nyingi za wakati wake, na hilo ni sababu mojawapo ya nyingi kuendelea kuwa barabarani hadi leo.

Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo. Maombi ya aina hii hayakwami kwa kuwa sheria ni ngumu. Kwa mtazamo wangu, sheria za Uingereza zimewatendea wema wenye magari ya kale. Maombi hukwama pale hati zinapopingana: hati miliki inataja mwaka mmoja, tamko la forodha linataja mwingine, na namba ya chasi iliyoandikwa kwenye fomu imepungua herufi moja. Kazi kubwa ya mwombaji ni kuhakikisha kwamba kila karatasi inalieleza gari lile lile kwa maelezo yale yale.

Kazi hiyo huanza kabla ya gari kupakiwa melini. Mnunuzi adai hati miliki halisi iliyotolewa na jimbo husika la Marekani, ikiwa na saini ya muuzaji, wala asikubali nakala. Kisha aende mwenyewe, au amtume mtu anayemwamini, akasome namba ya chasi kwenye gari lenyewe na kuilinganisha na hati hiyo tarakimu kwa tarakimu. Magari ya miaka hiyo hayana namba ya herufi 17, kwa kuwa mfumo huo ulianza na magari ya mwaka 1981. Namba ya GMC Motorhome ina herufi na tarakimu 13. Basi karani au mtandao wa bima ukidai kwamba namba haijakamilika, mwombaji asiongeze sifuri wala herufi yoyote ili kuujaza mfumo. Aeleze kwamba ndiyo namba kamili, na aambatishe picha ya kibati chake.

Suala la tarehe ya kutengenezwa linahitaji uangalifu zaidi. Hati miliki ya Marekani kwa kawaida hutaja mwaka wa modeli, nao si lazima uwe mwaka ambao gari lilitoka kiwandani, kwa kuwa modeli ya 1976 huweza kuwa imeundwa katika miezi ya mwisho ya 1975. Kwa motohomu nyingi utata ni mkubwa zaidi, kwa sababu kampuni moja ilitengeneza chasi na nyingine ikajenga nyumba juu yake miezi kadhaa baadaye. GMC ilikuwa tofauti kwa kuwa General Motors ilitengeneza chasi na bodi pia. Hata hivyo baadhi ya magari yaliuzwa yakiwa matupu ndani na kumaliziwa na makampuni mengine, kama yale ya Royale yaliyokamilishwa na Coachmen. Kwa hiyo napendekeza mwombaji apate barua ya kuthibitisha tarehe, iliyotokana na kumbukumbu za mtengenezaji au iliyoandikwa na chama cha wamiliki chenye kumbukumbu hizo. Bila ushahidi wa tarehe unaokubalika, gari linaweza kupewa namba inayoanza na Q, ambayo hutangaza kwamba umri au asili ya gari haikuthibitishwa. Ushahidi ukiwepo, gari hupata namba inayolingana na umri wake: lile la kuanzia Agosti 1975 hadi Julai 1976 huwa na herufi P mwishoni, na la mwaka unaofuata huwa na R.

Gari likifika bandarini, hatua ya kwanza ni forodha. Gari lenye umri wa miaka 30 au zaidi, ambalo modeli yake haitengenezwi tena, na ambalo chasi, usukani, breki na injini yake havijabadilishwa kwa kiasi kikubwa, linaweza kuombewa kuingizwa kama kitu cha thamani ya kihistoria. Likikubaliwa halilipiwi ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani huwa asilimia 5 badala ya asilimia 20. Tofauti hiyo ni kubwa kwa gari la bei ya juu, kwa hiyo ninashauri kumtumia wakala wa forodha aliyewahi kushughulikia magari ya kale, na kumpa picha, historia ya matengenezo na maelezo ya kweli ya matumizi yanayokusudiwa. Anayetaka kuishi ndani ya gari amweleze wakala hivyo kabla tamko halijawasilishwa.

Hatua ya pili ni kuiarifu Mamlaka ya Mapato, HMRC, kupitia mfumo unaoitwa NOVA, na taarifa hiyo itolewe ndani ya siku 14 tangu gari liingie nchini. Anayechelewa anaweza kutozwa faini ya pauni 5 kwa kila siku. DVLA, mamlaka ya leseni za madereva na magari iliyoko Swansea, haitalisajili gari ambalo halijaingizwa katika NOVA.

Hatua ya tatu ni kulitayarisha gari kwa barabara za Uingereza. Taa za mbele za Marekani huelekeza mwanga kulia, nazo hazina budi kubadilishwa ili mwanga uelekee kushoto. Indiketa za nyuma zikiwa nyekundu, zibadilishwe ziwe za rangi ya machungwa. Taa ya nyuma ya ukungu inatakiwa kwa magari yaliyoanza kutumika tangu tarehe 1 Aprili 1980, kwa hiyo gari la 1976 halilazimiki kuwa nayo, ingawa mimi ningeiweka.

Kisha kuna ukaguzi wa usalama uitwao MOT, na hapa ndipo wengi wanapochanganya kanuni mbili. Msamaha wa kodi ya barabara hutegemea tarehe ya kutengenezwa: kila tarehe 1 Aprili, magari yaliyotengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari ya miaka 40 iliyotangulia huingia katika daraja la kihistoria. Msamaha wa MOT, ambao kwa utaratibu wake wa sasa ulianza tarehe 20 Mei 2018, unadai miaka 40 tangu gari litengenezwe au lisajiliwe mara ya kwanza, na pia kwamba gari halijafanyiwa mabadiliko makubwa katika miaka 30 iliyopita. Kwa hiyo gari linaweza kusamehewa kodi huku bado likidaiwa cheti cha MOT kila mwaka.

Mabadiliko makubwa ni yale yanayogusa chasi, ekseli pamoja na mfumo wa usukani na springi, au injini. Mwenye GMC asome kipengele hiki kwa makini, kwa sababu magari haya yamepitia mikono ya mafundi wengi. Injini ya awali ilikuwa ya ujazo wa inchi 455, yaani karibu lita 7.5, na baadaye ikawa ya inchi 403, karibu lita 6.6, zote mbili ni injini za Oldsmobile zilizotumika katika modeli hiyo, na sioni kwamba aliyeweka moja mahali pa nyingine amelibadilisha gari katika asili yake. Aliyeweka injini ya dizeli, kwa upande mwingine, amefanya badiliko kubwa. Kuweka breki za diski nyuma badala ya zile za ngoma kunaweza kutetewa, kwa kuwa kanuni zinaruhusu mabadiliko ya sehemu hizo yanayoongeza usalama au ufanisi. Kuuondoa mfumo mzima wa mifuko ya hewa na kuweka springi za aina nyingine ni jambo zito zaidi. Anayeomba msamaha hujaza fomu V112, na saini yake hapo ni tamko la kisheria.

Pamoja na hayo yote, namsihi kila mmiliki alipeleke gari lake kwenye MOT angalau mara moja kabla ya kulisajili, hata kama amesamehewa. Gari la kuishi huweza kubeba mitungi ya gesi, matangi ya maji, jenereta na familia nzima, na mipira ya breki ya umri huo hupasuka bila kutoa taarifa. Kituo cha ukaguzi kinaweza kulipima kwa namba ya chasi pekee, na inaruhusiwa kuliendesha kwenda kwenye ukaguzi uliopangwa mapema mradi lina bima. Bima nayo hukatwa kwa namba ya chasi hadi usajili ukamilike, na anayekusudia kuishi humo muda wote alitamke hilo kwa kampuni ya bima kwa maandishi, kwa kuwa si kila bima ya magari ya kale inayokubali matumizi hayo.

Sasa mwombaji ajaze fomu V55/5, ambayo ni ya magari yaliyokwisha kutumika. Katika daraja la kodi aandike la kihistoria, na katika aina ya bodi aandike jina ambalo DVLA hulitumia kwa gari la kuishi, wala si basi wala lori. Uzito uandikwe kama ulivyo kwenye kibati cha mtengenezaji. Fomu iambatane na hati miliki halisi, ushahidi wa tarehe, nakala ya kitambulisho, cheti cha bima pale kinapotakiwa, cheti cha MOT au fomu V112, na ada ya usajili ya pauni 55. Kila karatasi itolewe nakala kabla ya bahasha kufungwa, na bahasha itumwe kwa njia inayoweza kufuatiliwa. Anwani iwe ile ambapo barua zitamfikia mmiliki kweli; anayeishi barabarani apange na ndugu au rafiki mapema, kwa kuwa cheti cha usajili V5C huja kwa posta baada ya wiki kadhaa.

Ambaye gari lake lilikwisha sajiliwa Uingereza na sasa limefikisha umri, hahitaji kurudia hayo. Aende ofisi ya posta inayoshughulikia kodi za magari akiwa na V5C pamoja na cheti cha MOT au V112, aombe daraja libadilishwe.

Leseni ya dereva ni suala la kuangaliwa kabla ya ununuzi. GMC Motorhome ikipakiwa huzidi tani 3.5, na leseni ya kawaida ya daraja B huishia hapo. Waliofaulu mtihani wa gari kabla ya tarehe 1 Januari 1997 kwa kawaida wanalo daraja C1, linaloruhusu hadi tani 7.5, ila kulihifadhi baada ya umri wa miaka 70 kunahitaji uchunguzi wa daktari. Waliofaulu baadaye hulazimika kufanya mtihani wa C1.

Namba ikishatolewa, gari lililotengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1980 na lililo katika daraja la kihistoria linaruhusiwa kubeba vibao vya namba vyeusi vyenye maandishi ya rangi ya fedha, ambavyo hulipendeza sana. Kodi huombwa upya kila mwaka ingawa malipo ni sifuri, na tamko la msamaha wa MOT hurudiwa wakati huo. Gari litakalolazwa kipindi cha baridi bila bima litangazwe DVLA kuwa limeondolewa barabarani, na tangu hapo lisiegeshwe kwenye barabara ya umma hadi litakapolipiwa tena kodi na kukatiwa bima.