Rojo la mchuzi la chupa, la kupika mwenyewe

Nilinunua rojo la viungo la dukani kwa miaka, kwa sababu kila nikijaribu kutengeneza langu mchuzi ulitoka na ladha ya unga mbichi. Nikaamini wenye viwanda wana kitu wanatuficha. Siku moja nikakaa nikasoma karatasi ya chupa: giligilani, uzile, manjano, mafuta, siki, chumvi. Vyote ninavyo kabatini. Kumbe nilichokuwa nakiruka mimi ni kulikaanga lile rojo mpaka maji yaishe.

Isitoshe, baadhi ya chupa hizo zilianzia jikoni kama kwetu. Familia ya Pathak, wenye Patak's, chapa ya rojo za viungo ya Uingereza, iliishi Kenya kabla ya kuhamia Uingereza miaka ya 1950, na huko London ilianza kwa kuuza sambusa na vitamutamu vilivyopikwa nyumbani.

Mahitaji ya chupa moja ya jemu:

Mbegu za giligilani vijiko vya chakula 4, uzile vijiko 2, pilipili manga kijiko cha chai 1, uwatu nusu kijiko cha chai, karafuu 6, iliki 8, mdalasini urefu wa kidole, pilipili kavu nyekundu 6. Manjano ya unga kijiko cha chakula 1. Thomu (kitunguu saumu) vichwa 2, tangawizi gramu 60, siki nyeupe nusu kikombe, chumvi vijiko vya chai 3, mafuta ya alizeti robo tatu ya kikombe, na mengine kidogo ya kufunikia.

Angalia majina unapokwenda sokoni. Uzile ndio bizari nyembamba, ile ya pilau. Ukisema "binzari" tu, kuna wauzaji watakupimia manjano, na wengine watakupa unga wa mchuzi uliokwisha changanywa. Giligilani kwa Mombasa ni dania. Mimi siku hizi naonyesha kwa kidole. Na nunua mbegu nzima. Unga uliokaa wazi kwenye sinia juani umeshapoteza harufu kabla hujaufikisha nyumbani.

Hatua ya 1. Kaanga viungo vizima bila mafuta, moto mdogo. Anza na mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga, dakika moja. Ongeza giligilani na pilipili kavu, kisha uzile, na uwatu mwisho kabisa. Uwatu ukiungua unakuwa mchungu, na uchungu huo hautoki hata utie sukari. Giligilani ikibadilika rangi kidogo na jikoni kukanukia, mimina kwenye sahani mara moja, maana kikaango chenyewe kinaendelea kuunguza. Manjano usiyakaange.

Hatua ya 2. Vikipoa, saga viwe unga laini. Mashine ya kusagia kahawa inafaa. Kinu nacho kinafaa ukiwa na mkono na subira. Chekecha.

Hatua ya 3. Saga thomu na tangawizi kwa siki, bila tone la maji. Changanya na ule unga, manjano na chumvi, uache dakika 15. Unga unahitaji kunywa siki kwanza. Ukiutupa mkavu kwenye mafuta ya moto, utaungua kabla hujashika mwiko.

Hatua ya 4, na hapa ndipo penye kazi. Pasha mafuta kwenye sufuria yenye kitako kizito, moto mdogo, utie rojo lote. Mwanzoni litachemka kwa fujo na kurusha, kwa hiyo vaa mikono mirefu. Koroga ukikwangua chini. Sikiliza: sauti ile ya kutokota ni maji yanayotoka. Baada ya dakika kumi hivi inapungua, rojo linakuwa zito na kuiva rangi, na harufu kali ya thomu mbichi inapotea. Wengi huzima hapa. Usizime. Endelea mpaka uone mafuta yamejitenga pembeni, mekundu, na ukivuta mwiko katikati njia inabaki wazi kidogo kabla haijajifunga. Kwangu huchukua dakika 20. Harufu ya viungo vingi hivi hukubali mafuta kuliko maji, ndiyo maana rojo lililokaangwa vizuri linanukisha sufuria nzima.

Hatua ya 5. Chemsha chupa na kifuniko dakika 10, vikauke kabisa. Jaza rojo likiwa moto, bonyeza kwa kijiko mapovu ya hewa yatoke, funika juu kwa mafuta kiasi cha nusu kidole. Likipoa, weka kwenye friji.

Kwenye friji, nasisitiza, si kabatini. Thomu ndani ya mafuta, mahali pasipo hewa wala ukali wa kutosha, inaweza kulea bakteria wa botulizimu, na sumu yake unaweza usiione wala usiinuse. Kwa hiyo siki usiipunguze kwa kuogopa uchachu. Kwenye mchuzi hutaisikia. Chota kwa kijiko kikavu. Chupa yangu ya kwanza iliota ukungu kwa sababu ya kijiko kilichotoka kwenye maji, nikaimwaga yote. Tumia ndani ya mwezi mmoja. Ukipika jingi, gandisha kwenye trei ya barafu, kisha hamishia vipande kwenye mfuko.

Liache siku mbili tatu kabla ya kulitumia, ukali utulie. Kwa nusu kilo ya kuku, kaanga kitunguu maji hadi kiwe cha kahawia, tia vijiko vya chakula 2 vya rojo, geuza dakika moja, weka kuku na tui jepesi. Kuku akiiva, tui zito, na usiache kukoroga mpaka lichemke, lisije likakatika. Chumvi onja kwanza, rojo tayari linayo.