Namna ya Kumjua Aliyeiunda Ndege Unayoiona Uwanja wa Tanga

Watu wengi wanaoitazama ndege ndogo ikiwasha injini katika Uwanja wa Ndege wa Tanga, tayari kwenda Pemba au Unguja, husoma jina lililopakwa ubavuni mwake na kuamini kwamba wameijua. Jina hilo ni la kampuni inayosafirisha abiria. Aliyeichora ndege, aliyeiunda, na anayewajibika leo kwa mchoro wake ni wengine kabisa, na mara nyingi hata hao si mmoja. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuwafikia, iwe una ndege mbele ya macho yako au una picha ya zamani tu iliyohifadhiwa nyumbani. Nimeuandika hasa kwa ajili ya wanafunzi na walimu wa Tanga, kwa kuwa naona ni hasara kubwa kijana akue akizisikia ndege zikipita juu ya paa lao kila siku bila kujua kwamba kila moja ina karakana ilikotoka na watu waliothubutu kuianzisha.

Anza na namba ya usajili, iliyoandikwa kwa herufi kubwa karibu na mkia. Ndege iliyosajiliwa Tanzania huanza na 5H, ya Kenya huanza na 5Y, na ya Uganda 5X. Alama hiyo inakuonyesha nchi iliyoisajili ndege, si nchi iliyoiunda, na wala haidumu, kwa sababu ndege ikiuzwa nje ya nchi husajiliwa upya. Rejista ya ndege za Tanzania hutunzwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Unapoichunguza, watenganishe watu watatu ambao huchanganywa kila mara: mmiliki, mwendeshaji na muundaji. Ndege za Air Tanzania ni mfano mzuri, kwani mmiliki wake amekuwa Wakala wa Ndege za Serikali, mwendeshaji ni ATCL, yaani kampuni ya Air Tanzania, aliyezikodi, na waundaji wako Kanada na Marekani.

Hatua inayofuata ni kulisoma umbo, nayo inataka utulivu kuliko ujuzi. Tazama kwanza bawa limekaa wapi, juu ya kiwiliwili au chini yake. Kisha hesabu injini. Kisha angalia magurudumu kama yanakunjwa baada ya kupaa au yanabaki yananing'inia. Mwisho tazama kama bawa dogo la mkia limekaa chini au kwenye kilele. Ndege ambayo Mtanga huiona mara nyingi ni Cessna 208 Caravan, na ukishaijua hutaisahau: bawa liko juu, limeshikiliwa kila upande na mhimili mmoja uliolala mshazari, injini ni moja puani, na magurudumu hayakunjwi. Sogeza macho upande wa kulia wa pua, chini kidogo, utaona bomba nene la moshi, ambalo kwa ndege iliyofanya kazi sana huacha weusi wa masizi ubavuni. Nyingi pia zimefungwa sanduku refu la mizigo chini ya tumbo. Ukiona ndege nyingine yenye injini moja puani, lakini bawa lake liko chini, magurudumu yanakunjwa na mkia wake una umbo la herufi T, hiyo yaelekea ni Pilatus PC-12 kutoka Uswisi.

Kwa ndege kubwa kidogo zenye injini mbili za rafadha, yaani panga boi, ATR na Dash 8 huwachanganya watu kwa sababu zote zina bawa la juu na mkia wa T. Tazama miguu. Miguu ya ATR ni mifupi na hukunjwa kuingia kwenye vifuko vilivyotokeza ubavuni mwa kiwiliwili, ilhali ile ya Dash 8 ni mirefu na huingia nyuma ya injini.

Kama unataka kupiga picha, omba kwanza ruhusa kwa uongozi wa uwanja. Ruhusa hiyo ina faida nyingine, kwa sababu mhandisi aliyeona kwamba umekuja kwa adabu anaweza kukuonyesha bamba la utambulisho. Bamba hili ni kipande kidogo cha chuma kisichoshika moto, kilichopigiliwa kwenye mwili wa ndege, na ndicho cheti chake cha kuzaliwa. Humo mmechongwa jina la muundaji, aina ya ndege, na namba ambayo kiwanda kiliipa siku ilipoundwa. Rangi hubadilishwa, usajili hubadilishwa, hata injini hung'olewa na kufungwa nyingine, lakini namba ile ya kiwanda hubaki.

Sasa unalo jina la muundaji, na hapa ndipo wengi husimama mapema mno. Kampuni za ndege hununuliwa, huunganishwa, hufilisika na kufufuliwa, wakati mchoro wa ndege unaendelea kuishi mikononi mwa mwingine. Kwa hiyo ufuate mchoro kuliko jina. Caravan ni rahisi kuifuata. Clyde Cessna, mkulima na fundi wa Kansas, alijiundia ndege yake ya kwanza mwaka 1911, akashirikiana na Walter Beech na Lloyd Stearman mwaka 1925 katika kampuni ya Travel Air, kisha akaanzisha kampuni yenye jina lake mwaka 1927. Kampuni hiyo iliingia mikononi mwa Textron mwaka 1992, na mwaka 2014 Textron ikainunua pia Beechcraft, kampuni yenye jina la Beech, hivyo majina ya Cessna na Beech yaliyotengana zamani yamerudi chini ya paa moja huko Wichita.

Jina la de Havilland linataka uvumilivu zaidi, nami nalipenda kuliko yote kwa sababu limepita katika pwani yetu kwa vizazi. Geoffrey de Havilland alianzisha kampuni yake Uingereza mwaka 1920. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha shirika la ndege la Wilson Airways mjini Nairobi, na ndege za de Havilland ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wa kazi yake. East African Airways ilipoanza kuruka mwaka 1946, ilianza na ndege za de Havilland Dragon Rapide. Kwa hiyo, ikiwa picha ya miaka hiyo inaonyesha ndege yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, yanayochongoka kuelekea nchani, ikiwa na injini mbili kwenye mabawa ya chini na magurudumu yaliyofunikwa kama yamevalishwa suruali, anza upekuzi wako na Dragon Rapide, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1934. Mwili wake ulikuwa wa mbao na kitambaa.

Tawi la de Havilland lililofunguliwa Kanada mwaka 1928 lilikuja kuwa maarufu kuliko mzazi wake. Mzazi alimezwa na kampuni nyingine, Hawker Siddeley, mwaka 1960 na jina lake likafifia Uingereza. Kanada iliendelea: ikaunda Beaver mwaka 1947, Twin Otter mwaka 1965, kisha Dash 8 iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1983. Boeing iliinunua kampuni hiyo miaka ya 1980, Bombardier ikaichukua mwaka 1992, na mwaka 2006 Viking Air, kampuni ndogo ya Victoria huko huko Kanada, ikanunua haki za michoro ya zamani na baadaye ikaanza kuunda Twin Otter mpya. Mwaka 2019 wamiliki wa Viking walichukua Dash 8 kutoka Bombardier na kulirudisha jina la De Havilland Canada. Ndiyo maana Dash 8 mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa na majina tofauti ya muundaji katika kumbukumbu, na yote mawili yakawa sahihi. Jambo hilo hilo liliipata ndege tuijuayo sisi wenyewe: Air Tanzania iliagiza CS300 ya Bombardier, lakini Airbus ikauchukua mradi huo katikati ya mwaka 2018, na ndege ikapokelewa mwishoni mwa mwaka huo ikiitwa A220-300.

Lipo kundi jingine, la ndege ambazo hazikutoka kiwandani kabisa, na hilo huchunguzwa kwa njia yake. Usilidharau. Ndege ya kwanza yenye injini kuruka ikiwa chini ya uongozi wa rubani iliundwa na mafundi wa baiskeli, Orville na Wilbur Wright wa Dayton, Ohio. Tarehe 17 Desemba 1903 iliruka kwa sekunde 12 na kwenda mita 37 hivi, ikiendeshwa na injini ya takriban nguvu za farasi 12 iliyotengenezwa na fundi wao Charlie Taylor. Tafuta picha yake ya karibu, uipeleke kwa fundi baiskeli yeyote wa Ngamiani, naye ataonyesha kidole kwenye minyororo inayopeleka nguvu kwa rafadha mbili, na ataona kwamba mmoja umepishwa kwa umbo la nane ili rafadha zizunguke kinyume. Muda si mrefu baadaye, Alberto Santos-Dumont wa Brazil, aliyeishi Paris, aliiunda ndege ndogo iitwayo Demoiselle na kuacha michoro yake itumiwe na yeyote bila malipo.

Unapokutana na ndege ya mtu binafsi, uliza swali moja kabla ya mengine: aliyeiunda aliichora mwenyewe, alinunua michoro ya mwingine, au alinunua seti ya vipande vilivyotayarishwa? Burt Rutan wa Marekani aliuza michoro ya VariEze na Long-EZ miaka ya 1970 na 1980, ndege za povu na faibaglasi zenye bawa dogo mbele. Richard VanGrunsven alianzisha Van's Aircraft mwaka 1973, na seti zake za RV zimezaa ndege zaidi ya 10,000 zilizokwisha kuruka. Marekani, mtu hukubaliwa kuwa muundaji iwapo amefanya zaidi ya nusu ya kazi, na jina linaloandikwa kwenye rejista ni lake, si la Rutan wala la VanGrunsven. Kwetu Afrika ziko ndege za Sling za Afrika Kusini: mwaka 2019 vijana wa huko walikusanya Sling 4 kwa mikono yao, na ndege hiyo ikaruka kutoka Cape Town hadi Cairo.

Swali hilo la nani alifanya nini lina uzito wa maisha ya watu. Mwimbaji John Denver alikufa mwezi Oktoba 1997 akirusha Long-EZ aliyokuwa ameinunua kwa mtu. Michoro ya Rutan iliweka swichi ya kuchagua tangi la mafuta kati ya miguu ya rubani, lakini aliyeiunda ndege ile aliihamishia nyuma ya bega la kushoto, mahali ambapo rubani hawezi kuifikia bila kujipinda. Wachunguzi walilitaja badiliko hilo miongoni mwa sababu za ajali. Kwa hiyo, katika ndege ya kujiundia, andika aina yake, kisha andika kila kilichobadilishwa kutoka kwenye mchoro wa asili, na nani alikibadilisha.

Unapoandaa kumbukumbu zako, weka namba ya kiwanda juu kabisa, kisha muundaji aliyeandikwa kwenye bamba, kisha mwaka, kisha mwenye haki ya mchoro kwa sasa, halafu usajili wote ambao ndege imewahi kubeba, na mwisho waendeshaji wake. Ingawa uchunguzi wako ulianzia kwenye usajili, kumbukumbu zisianze nao, kwa sababu herufi za ndege iliyofutwa zinaweza kupewa ndege nyingine, nawe ukajikuta umechanganya historia mbili. Taarifa zikipingana, fuata bamba. Na ikiwa bamba halifikiki, omba kuonyeshwa namba hiyo katika daftari la matengenezo, ambalo hufuatana na ndege kila inapouzwa.