Panga urejeshaji kabla ya kuweka tabaka pepe juu ya seva za faili

Tabaka pepe ni mfumo unaokaa kati ya watumiaji na seva za faili: humwonyesha mtumiaji njia isiyobadilika (njia pepe), hata faili likihamishwa kutoka seva moja hadi nyingine. Swali langu la kwanza kwa anayeniita kuliweka huwa hili: programu ya nakala rudufu itasoma mafaili kupitia tabaka pepe, au moja kwa moja kwenye seva zilizo chini yake? Mimi napendelea moja kwa moja, kwa NDMP (itifaki ya kunakili data ya seva za faili) ikiwezekana, maana tabaka halibebeshwi mzigo wa usiku kucha. Gharama yake huja siku ya kurejesha. Mtumiaji anaijua njia pepe tu, na faili alilolipoteza huenda lilishahamishwa seva mara kadhaa. Kwa hiyo tunza kumbukumbu za uhamisho kwa muda uleule unaotunza nakala.

Usirejeshe juu kwa juu kwenye seva ya chini bila tabaka kujua. Utajikuta na mafaili mawili yanayogombea njia moja. Rejesha kwenye folda ya pembeni, nakili kupitia njia pepe, kisha kagua ruhusa.

Uhamisho nao una visa vyake. Faili huonekana jipya kwenye seva lilikofikia, hivyo nakala ya nyongeza (inayochukua mafaili mapya na yaliyobadilika tu) huvimba ghafla. Hamisha kwa mafungu. Mfumo ukiacha viashiria (vijifaili vinavyoelekeza faili halisi lilipo) mahali pa mafaili, hakikisha programu inavitambua, la sivyo itayaita yote kutoka diski za polepole na kuzijaza zile za kasi.

Metadata (taarifa kuhusu mafaili, kama vile yalipo) na mipangilio ya tabaka lenyewe vihifadhi nje yake. (Hapa ndipo wengi husahau.) Halafu jaribu: chagua faili lililohamishwa, si lililotulia, ulirejeshe lilivyokuwa kabla ya kuhama.