Kabla ya kuchoma chungu, kiguse kwa shavu

Kwa walioanza darasa la ufinyanzi: kabla chombo hakijaingia motoni, kibandike shavuni upande wa kitako. Ukisikia ubaridi, bado kina maji. Kirudishe kivulini hata kama nje kimeshakuwa cheupe. Maji yanapokauka hupoza uso wa udongo, na yakiisha chombo hubaki na joto la chumba. Viganja havifai kwa kazi hii, maana vya mfinyanzi vimelowa muda wote. Ukikichoma kibichi, maji yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, kitako kinafyatuka na vigae vinavunja vyombo vya wenzako.

Masika kipimo hiki hudanganya. Hewa ikijaa unyevu maji hayatoki, kwa hiyo hata chungu kibichi hakipoi sana, na asubuhi ya baridi kila kitu ni baridi. Linganisha na kigae kilichokwisha kuchomwa, kilichokaa palepale. Chombo kinene kuliko kidole gumba usikiamini kabisa: juu kikavu, ndani tope. Kiongezee siku, na moto uanze mdogo.