Pima fimbo kwanza: jinsi ya kuchagua meza ya biyari ya nyumbani

Kazi yangu ni kufunga meza za biyari, kubadilisha vitambaa na kusawazisha zile zilizolala upande. Nafanyia hapa Lubumbashi, kuanzia nyumba za mtaa wa Golf hadi malupango ya Katuba. Simu ninazopigiwa karibu zote zinaanza hivi: "Fundi, salo yangu ni mita nne kwa tano, meza gani itaingia?" Meza itaingia, hata ile ya futi 9. Mchezaji ndiye atakayekosa pa kusimama.

Ukitaka kuepuka majuto, fuata hatua hizi kabla hujatoa dolari hata moja.

Hatua ya 1: Shika fimbo, meza iache kwanza

Fimbo ya kawaida ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 145 hadi 147. Kipira kikiwa kimebanana na ukingo, karibu fimbo yote inakaa nje ya meza, na mkono wa nyuma bado unataka kurudi kidogo kabla ya kupiga. Kwa hiyo chumba kinahesabiwa hivi: chukua eneo la kuchezea, halafu ongeza urefu wa fimbo mbili, moja kila upande.

Eneo la kuchezea linapimwa kuanzia mdomo wa mpira wa ukingo mmoja hadi mdomo wa mpira wa ukingo wa pili, ndani kabisa. Mbao za nje hazihesabiwi. Wauzaji wanataja futi, sisi tunapima kwa mita, na hapo ndipo watu wanapopotea. Ukizidisha futi 8 kwa 30.48 utapata sentimita 244, lakini ndani ya meza inayoitwa ya futi 8 utakuta 224. Futi ni jina tu la meza. Wewe amini mita yako.

Kwa fimbo ya sentimita 147, chumba kinachohitajika ni hiki:

Futi 7 (ndani 99 kwa 198): chumba cha 393 kwa 492.
Futi 8 (ndani 112 kwa 224): chumba cha 406 kwa 518.
Futi 9 (ndani 127 kwa 254): chumba cha 421 kwa 548.

Hicho ni kiwango cha chini, cha mtu anayecheza kwa kubana pumzi. Ukitaka kiwiko kirudi bila kuogopa ukuta, ongeza sentimita 15 kila upande, yaani 30 kwa upana na 30 kwa urefu.

Sasa ziangalie tena tarakimu hizo. Ukishuka kutoka futi 8 hadi futi 7 umeokoa sentimita 13 za upana. Haifiki hata shubiri! Fimbo mbili zinakula sentimita 294 hata ununue meza ndogo namna gani. Ndiyo maana namshangaa mtu mwenye chumba cha mita 3 na nusu anayeniambia, "Basi nitachukua ndogo." Ndogo nayo haitoshi.

Hatua ya 2: Pima kwenye kiuno

Hili nililipia mwenyewe. Nilipoanza kazi nilipima chumba cha mteja mmoja kikiwa kitupu, chini sakafuni, ukuta kwa ukuta. Nikapata 410. Nikafurahi, nikamfungia meza ya futi 8. Sikuhesabu kabati ya vyombo ambayo ingerudishwa baadaye, wala kizingiti cha dirisha kilichotokeza ndani. Miezi miwili baadaye akaniita. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa na vishimo vidogo vimejipanga kwa usawa wa kiuno, kama vile kuku wamedonoa plasta. Upande wa kabati wachezaji walilazimika kuinua kitako cha fimbo juu kabisa, ncha ikawa inachimba kitambaa. Plasta na rangi nililipa mimi. Kitambaa tulilipa nusu kwa nusu, na siku ile sikupewa hata maji ya kunywa.

Tangu hapo napima kwa urefu wa kiuno, mahali fimbo inapopita. Hesabu kila kinachotokeza: kizingiti cha dirisha, nguzo, kabati, mapazia mazito, mlango unaofungukia ndani. Pima upana sehemu tatu tofauti, kwa sababu kuta za matafari za nyumba zetu si zote zimenyooka. Namba ndogo kuliko zote ndiyo unayoiandika.

Hatua ya 3: Cheza kabla ya kununua

Chora eneo la kuchezea sakafuni kwa chaki, au tandaza magazeti na makatoni yenye ukubwa uleule. Kisha kata mti wa ufagio uwe na sentimita 147. Zunguka pande zote, inama kwenye kila kona kana kwamba unapiga, mti uwe usawa wa kiuno. Mahali unapogusa ukuta, weka alama.

Acha magazeti hayo chini kuanzia ijumaa hadi jumatatu. Wageni waje, watoto wapite kwenda kulala, mama wa nyumba apite na sahani za bukari. Mteja mmoja aliyekuwa ameshakataa kabisa meza ya futi 7 ("Fundi, unaniletea meza ya watoto?") alinipigia jumapili jioni. "Fundi, ile ya watoto iko bei gani?"

Nilimjibu, "Papa, si ya watoto. Meza nyingi za kwenye baa duniani ni za futi 7." Futi 9 ndiyo ya mashindano makubwa ya kimataifa. Kama unajiandaa kwa hayo, na una chumba, ichukue. Kwa bia na mashemeji siku ya jumapili, futi 7 na futi 8 zinatosha sana.

Salo ya nne kwa tano, ile ya kwenye simu, inabeba futi 7 kwa shida: zinabaki sentimita 7 za upana na 8 za urefu. Maana yake makochi yanahama. Liseme hilo nyumbani mapema, lisije likasemwa siku gari liko mlangoni.

Hatua ya 4: Chumba kikikataa

Kama ni kona moja tu inayobana, au nguzo moja, nunua fimbo fupi moja ya sentimita 122 uiweke kwa ajili ya kona hiyo. Hakuna aibu. Ukitaka chumba kizima kichezwe kwa fimbo fupi, futi 7 itadai 343 kwa 442. Inawezekana, lakini mtu mzima mwenye mikono mirefu atachoka nayo haraka. Mimi humshauri atoke nje, kwenye barza.

Barza ya nyumba nyingi za hapa ni ndefu na ina paa, na mahali fimbo inapotoka nje ya ukingo wa barza hakuna ukuta wa kudonolewa. Shida zake ni tatu. Mvua ya kuanzia mwezi wa kumi na moja inapiga kwa upande, kwa hiyo meza ikae mbali na ukingo na iwe na kifuniko kisichopitisha maji. Vumbi jekundu la kiangazi linaingia kwenye kitambaa na kukila kama msasa, basi kipigwe brashi kila baada ya mchezo, kwa upande mmoja, bila kusugua mviringo. Ya tatu ni mchwa, na mtu wa Katanga sihitaji kumweleza mchwa ni nini. Weka kipande cha bati chini ya kila mguu, kitokeze pembeni. Bati haliwazuii kupanda, ila linawalazimisha kujenga njia yao ya udongo juu yake, nawe unaiona mapema.

Hatua ya 5: Jiwe au mbao

Chini ya kitambaa kuna bamba la jiwe au kuna mbao ya unga ulioshindiliwa, MDF. Kwenye barza usiweke MDF. Inakunywa unyevu, inavimba, na kipira kinaanza kukata kona kama lori la mpaka wa Kasumbalesa. Ndani ya nyumba kavu MDF inavumilika kwa miaka kadhaa, tena ni nyepesi.

Jiwe ni zito. Kwenye meza ya futi 8 yenye jiwe la milimita 25, jiwe peke yake ni karibu kilo 200, lakini mara nyingi limekatwa vipande vitatu, kila kimoja kinabebwa na watu watatu bila kugombana. Meza za sarafu (zile za baa, unatia sarafu ndipo vipira vitoke) za futi 7 kwa kawaida zina jiwe la kipande kimoja. Hilo halikunjwi wala halikatwi, kwa hiyo pima geti, mlango na kona ya koridori. Nimewahi kung'oa fremu ya mlango kwa ajili ya jiwe moja, nikairudisha siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Ukinunua iliyotumika

Pima ndani. Urefu lazima uwe mara mbili ya upana: 99 kwa 198, 112 kwa 224. Ukipata kitu kama 105 kwa 198, ujue kingo zilibadilishwa na mtu asiyejua, au meza haikuwa ya kweli tangu mwanzo.

Uliza pia vipira. Vya aina ya Marekani vina milimita 57, vya aina ya Kiingereza karibu 51, na matundu ya meza za Kiingereza ni membamba. Ukichanganya, vipira vikubwa vitakwama mdomoni mwa tundu usiku kucha.

Hatua ya 7: Siku ya kufunga

Kabla gari halijafika, mwite fundi mwashi na ule mpira wake mwembamba wa maji wa kupimia usawa, unaoonyesha ndani. Mpime naye sakafu kwenye alama nne za miguu. Tofauti ya sentimita moja au mbili tunaimaliza kwa vipande vigumu chini ya miguu. Ikizidi hapo, afadhali sakafu irekebishwe meza ikiwa bado dukani.

Taa ining'inie sentimita 80 hadi 90 juu ya kitambaa. Tafuta yenye betri, umeme wetu unaujua. Na ule mti wa ufagio wa sentimita 147 usiutupe: nitauomba nikifika, nizunguke nao chumba mara moja kabla sijafungua boksi.